Ua la Sultani na muuza miche asiyetaja jina

Mwaka 1882 Joseph Hooker, mkurugenzi wa bustani ya Kew huko London, aliuelezea mmea wenye maua ya kung'ara uliofika Uingereza kutoka Zanzibar kupitia kwa balozi John Kirk. Akauita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani Barghash. Baadaye ikabainika kwamba mmea huo haukuwa mgeni kwake: mwaka 1868 alikwisha kuupa jina Impatiens walleriana, la kumkumbuka mmisionari Horace Waller. Kwa kanuni za wanabotania jina la kwanza ndilo linalosimama, basi Sultani akanyang'anywa ua lake.

Ikiwa bingwa wa Kew alishindwa kuutambua mmea wake mwenyewe, mnunuzi anayesimamisha gari kando ya barabara Dar es Salaam au Nairobi hana cha kuona haya. Wa kuona haya ni muuza miche. Ukimuuliza jina atakujibu "ua la kivuli", na pengine apandishe bei.

Kosa la jina huua mmea. Ua la Sultani huchanganywa na vinka ya Madagaska, Catharanthus roseus, kwa kuwa yote mawili yana petali tano bapa, nyeupe au za waridi. Lakini la kwanza hutaka kivuli na unyevu. Vinka huchanua juani hata udongo ukikauka. Tena vinka ni sumu ikiliwa, ingawa ni humo humo ilimopatikana vinkristini, dawa ya saratani.

Wengi sasa huuelekezea mmea simu na kuiachia programu itoe hukumu. Tatizo ni kwamba picha hupigwa usoni na ushahidi uko kisogoni: nyuma ya ua la Sultani kuna mkia mwembamba uliopinda, wenye nekta. Shina limejaa maji, karibu lipitishe mwanga. Tunda lililokomaa, ukiligusa tu, hupasuka na kurusha mbegu. Vinka haina hata moja kati ya hayo.

Jina likijulikana, asili hujulikana, na hapo ndipo suala la baridi linapoingia. Mmea huu wa Afrika Mashariki hauwezi kuganda ukapona. Sakitu ya kwanza ya vuli Uingereza huugeuza uji mweusi. Wajuzi hawaisubiri: hukata ncha za matawi zenye urefu wa kidole, huondoa maua na majani ya chini, huzitia kwenye bilauri ya maji karibu na dirisha, na mizizi ikitoka huzihamishia kwenye udongo ndani ya nyumba hadi joto lirudi. Njombe na Makete, ambako sakitu huanguka Juni na Julai, kazi hiyo ifanywe Mei.

Muuza miche naye akitaka kusaidia, kipande cha plastiki kilichoandikwa jina na kuchomekwa kwenye kiriba kinatosha. Kwa bei anazotoza, kalamu haitamfilisi.