Uvimbe wa taya hauna mchawi

Kuna jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Mtoto wa miaka 6 avimba shavu. Juma la kwanza watu wasema ni jino. Nalo jino lalegea kweli, lang'olewa. Juma la pili jino la kando lalegea vilevile, na uvimbe wazidi. Hapo jamaa wakaa baraza, na kabla ya jua kutua jina la bibi mmoja mzee limekwisha kutajwa. Mtoto achanjwa chale, bibi afukuzwa, na hospitali yakumbukwa siku mtoto asipoweza tena kumeza uji.

Ugonjwa huo wajulikana. Ni kansa. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Mulago, mjini Kampala, aliandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilometa 16.000 hivi, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama unaonekana. Waliambiwa upo katika nchi za joto na mvua, kwenye malaria nyingi. Katika milima ya baridi ni adimu. Je, wachawi hukaa mabondeni tu?

Tuingie ndani ya mwili. Kila chembe ina maandiko makubwa ya maagizo, DNA, yasiyotoka katika kiini chake. Kazi ikitakiwa, hunakiliwa barua, ndiyo RNA (vitabu vya Kifaransa husema ARN), nayo hupeleka agizo nje. Ikiisha kutumika, huharibiwa. Tena ziko RNA fupi sana, mikroRNA, ambazo kazi yake ni kuzinyamazisha barua zilizozidi. Chembe nzima huendeshwa hivyo: barua ngapi, saa gani, na lini zikome.

Katika kansa hii kipande cha maandiko kiitwacho MYC, kinachoihimiza chembe igawanyike, hukatika kutoka kromosomu ya 8. Mara nyingi hubandikwa katika ile ya 14, kando ya mahali ambapo chembe hizi za damu huandika bila kuchoka maagizo ya kinga. Basi karani anakili MYC usiku na mchana, wala hakuna wa kumwambia basi. Juu ya hayo, vitoto vingi vya kwetu huwa na virusi ambavyo Epstein, Achong na Barr waliviona mwaka 1964 katika chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Mwaka 2004 iligunduliwa kwamba virusi hivyo huleta mikroRNA zao wenyewe, na hizo huisaidia chembe mbovu isife. Malaria ya kurudiarudia nayo huzichokoza chembe hizo zizaane.

Najua mtajibu nini, maana nimejibiwa mara nyingi: «Sawa, karani amekosea. Lakini nani alimtuma? Kwa nini kwa mwanangu, si kwa jirani?» Swali hilo si la kipumbavu, mzazi anayelia ana haki ya kuliuliza. Lakini virusi hivyo vimo karibu katika kila mtu mzima duniani, hata ndani ya huyo anayemnyoshea bibi kidole. Chembe hugawanyika mamilioni kwa mamilioni kila siku, na kila mara maandiko yaweza kukatika vibaya. Kwa mmoja hukatika mahali pa hatari. Hakuna aliyetuma. Jibu hili ni chungu, nakiri, kwa kuwa halitupi mtu wa kumkasirikia.

Wala siwaachi wasomi wetu. Anayeng'oa jino la pili na la tatu pasipo kutazama taya, naye ameiba siku za mtoto. Na siku hapa ni mali: chembe za kansa hii zaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Kwa sababu hiyohiyo dawa huzipata upesi, maana dawa hizo hushika chembe zinazogawanyika. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 8 katika 10 hupona. Kwetu hupona wachache kuliko hao, na sababu kubwa ni kuchelewa na kuacha matibabu katikati. Dawa moja kubwa, siklofosfamidi, ni ya zamani. Burkitt mwenyewe aliitumia Uganda katika miaka ya 1960, na watoto wengine aliowatibu kwa dozi chache tu waliishi miaka mingi, taya zao zikarudi kama zilivyokuwa.