Ujira wa Kupima

Miongoni mwa hukumu zitolewazo kila siku katika gereji zetu, Ilala na Mombasa na Nairobi, ni chache zilizo nyepesi kutamkwa na nzito kulipiwa kama ile isemayo kwamba kompyuta ya gari imekufa. Mwenye gari, ambaye asubuhi alileta injini yenye kuzimika njiani au kukataa kabisa kuwaka, huambiwa jioni kwamba kontroli boksi haina uhai, kwamba sharti itafutwe nyingine, na kwamba muuzaji hataki kusikia habari ya mkopo; naye, kwa kuwa kitu chenyewe ni kisanduku kilichofichwa nyuma ya dashibodi, kisichotoa moshi wala kelele, hana hoja ya kupinga. Hulipa. Na si mara moja wala mara mbili gari likabaki na maradhi yale yale, kompyuta mpya ikiwa ndani yake.

Nashika rai kwamba taksiri ya jambo hili haimwangukii fundi peke yake. Imo zaidi katika desturi yetu sisi wenye magari, ya kuridhia kulipia kitu kinachoshikika na kukataa kulipia maarifa. Fundi akisema kwamba amebadilisha, mkono huingia mfukoni. Akisema kwamba ameshinda tangu asubuhi akipima, na mwisho ameona waya wa ethi umeliwa na kutu, tunamuuliza kwa mshangao kazi aliyoifanya ni ipi. Ujira wa mtu ukifungamanishwa na spea, basi spea zitabadilishwa, na kupima kutaachwa kwa mwenye moyo wa kujitolea.

Kompyuta ya injini haina uganga ndani yake. Hupokea habari kutoka kwa sensa za joto la maji, za hewa iingiayo na za mzunguko wa krenki, ikazilinganisha na kanuni zilizoandikwa katika kumbukumbu yake, kisha ikaamuru kila nozeli ifunguke kwa sehemu chache za elfu moja za sekunde na kila plagi itoe cheche kwa wakati wake. Ufundi huu ulianza kuenea mwaka 1967, Bosch ilipotia mtambo wa umeme wa kugawa mafuta katika Volkswagen zilizopelekwa Marekani. Na mwaka 1979, katika BMW, mafuta na cheche viliwekwa chini ya kompyuta moja. Kazi zake zimezidi mno tangu hapo, ila haja zake hazikuzidi: yataka umeme kamili, ethi safi, na sensa zisizoiongopea. Ikikosa umeme au ethi huonekana maiti, hali i hai.

Natwaa mfano wa Toyota za miaka ya 2000, ambazo zimejaa katika barabara zetu. Ufunguo umefunguliwa, taa ya injini haiwaki kwenye dashibodi, na mashine ya kupimia, ikichomekwa kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, haipati jawabu lolote. Dalili hizi mbili zikikutana, fundi mwenye haraka hutangaza mauti. Mwenye subira huanza kwingine. Hutazama fyuzi iliyoandikwa EFI na rilei iliyo jirani yake, kwa sababu huko ndiko umeme wa kompyuta unakopita. Hutazama betri, ambayo ikiwa nzima na imepumzika hukaa karibu na volti 12.6, kisha huweka ncha moja ya mita kwenye ethi ya kompyuta na ncha ya pili kwenye hasi ya betri, akaomba stata ipigwe, na hapo mita isionyeshe zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za volti moja. Ikionyesha zaidi, ethi ni mbovu, na dawa yake ni msasa na nati ya kukazwa.

Hayo yote yakiwa salama, limebaki jambo ambalo laiti kila mwenye gari angalilijua. Kompyuta hutoa volti 5 za kulisha sensa zake, na aghalabu sensa kadhaa hunywa katika mkondo mmoja. Sensa moja ikipiga shoti ndani yake, au waya wake ukichunika na kugusa bodi, volti zile 5 huporomoka kwa wote, na katika Toyota nyingi akili ya kompyuta husimama papo hapo: taa haiwaki, mashine haijibiwi, injini haishiki. Kwa macho hakuna tofauti kati ya hali hii na kifo chenyewe. Kwa mita tofauti ni bayana. Fundi huweka mita kwenye mkondo ule wa volti 5, akachomoa soketi za sensa moja baada ya moja, na pale zitakaporudi 5 ndipo mkosaji alipo. Iwapo sensa zote zimechomolewa na volti hazikurudi, waya wenyewe hukaguliwa. Na waya ukionekana mzima, hapo tena ndipo kompyuta ianze kutuhumiwa. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa thamani kubwa. Yahitaji mita ya kawaida, mchoro wa nyaya, na mtu asiyeona haya kulipwa kwa kufikiri.

Wako wanaodhani kwamba mashine ya kusoma kodi za hitilafu imeondoa haja ya taabu hiyo. Ni kweli kwamba tangu magari ya mwaka 1996 sheria ya Marekani inalazimisha kila gari dogo jipya liweke kumbukumbu ya hitilafu zake na zisomwe kwa soketi ya namna moja, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Lakini kodi ikitaja sensa fulani, haijasema kwamba sensa hiyo ni mbovu. Imesema kwamba habari zilizofika kutoka upande ule hazikubaliki, na upande ule una soketi, una waya, una ethi, una sensa, na mwisho wake una kompyuta. Kusoma kodi ni kazi ya dakika chache, nayo isihesabiwe kuwa ndiyo kupima.

Wala sisemi kwamba kompyuta hazifi. Zinakufa, na hata waliozitengeneza wamekiri: mwezi Agosti mwaka 2010 Toyota iliita magari yapatayo milioni 1.13 ya Corolla na Matrix yaliyouzwa Marekani na Kanada, ya matoleo ya 2005 hadi 2008, kwa kuwa risasi ya kuunganishia ndani ya kompyuta zake iliweza kupata ufa na injini ikazimika mwendoni. Katika Mitsubishi za mwanzo wa miaka ya 1990 vihifadhi-umeme vilivuja majimaji yakala njia za shaba. Huku kwetu wauaji ni wengine: nyaya za kuazimia betri zilizogeuzwa chanya kwa hasi, welding iliyopigwa bila kuchomoa betri, maji ya mvua kubwa yaliyoingia mpaka sakafuni. Lakini maiti nayo ina sababu yake, na asiyeitafuta sababu atazika ya pili. Zilikuwako Nissan za mwanzo wa karne hii ambazo valvu ya kushikia sailensa iliingiwa na maji ya rejeta, ikapiga shoti, ikaiunguza kompyuta. Mwenye kufunga kompyuta nyingine na kuiacha valvu ile ile aliiunguza na hiyo pia.

Kubadilisha nako kuna adabu zake. Namba iliyo kwenye kibandiko, ambayo kwa Toyota huanza na 89661, ifanane na ya zamani mpaka tarakimu ya mwisho, maana injini ya jina moja huwa na kompyuta mbalimbali kwa giaboksi ya mkono na ya otomatiki. Gari lenye kinga ya wizi halitawaka mpaka ufunguo na kompyuta vitambulishwe, na wakati wa kuandika programu betri isaidiwe kwa chaja, kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika kompyuta nzima yaweza kuharibika. Aliyenunua ya mtumba juu ya meza ya duka, bila hadhari ya mambo haya, amenunua sanduku tu.

Nitajibiwa kwamba mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kulipa mara mbili, kupima kisha kutengeneza. Mwenye daladala aliyenunua kompyuta isiyohitajika, akapoteza na mapato ya siku zote ambazo gari lilisimama, amekwisha kulipa mara mbili, ila malipo ya kwanza hayakumpa kitu. Nitajibiwa pia kwamba michoro ya nyaya haipatikani. Hoja hii ina nguvu. Wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walilisimamia jambo hilo mwaka 2012, wakataka viwanda viziuzie gereji huru maarifa yale yale wanayopewa mawakala wao. Na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2007 ilielekea huko huko. Serikali zetu, zinazotoza ushuru kwa kila gari linaloshuka bandarini, zina haki na wajibu wa kudai vivyo hivyo. Hata kabla ya hapo, gereji kumi za mtaa mmoja zikishirikiana zinaweza kununua michoro hiyo, iwapo tu kupima kunaziletea kipato; na vyuo vya ufundi, VETA ya Tanzania ikiwa mbele, vingekuwa na sababu ya kumtahini kijana kwa mita kabla ya spana.

Basi stakabadhi ya gereji iwe na mstari wa kupima peke yake, wenye bei yake, unaolipwa hata kama hakuna kilichobadilishwa. Na fundi asemaye kompyuta imekufa aandike chini yake volti alizozikuta kwenye umeme, kwenye ethi na kwenye mkondo wa sensa, kisha amrudishie mwenye gari kompyuta ya zamani mkononi, ili akitaka aipeleke kwa mwingine ikapimwe.