Kumficha Mwenzako Kitabu si Kujifunza Sheria

Tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilifunguliwa katika jengo la TANU mjini Dar es Salaam. Kitivo kilikuwa kimoja tu, nacho ni cha Sheria. Wanafunzi hawakufika 20. Nchi ilikuwa na mawakili Waafrika wa kuhesabika, hivyo kila kijana aliyefaulu alikuwa faida ya wote.

Leo vyuo vya sheria ni vingi na wanafunzi ni maelfu. Pamoja na wingi huo umeingia ugonjwa wa kushindana kwa hila. Kitabu cha hukumu hufichwa katika rafu isiyo yake. Daftari la kuazima "hupotea" wiki ya mtihani. Dokezo la mwalimu huwa siri ya watu watatu. Ugonjwa huu haukuanzia kwetu. Katika vyuo vingi vya sheria vya Marekani alama hutolewa kwa kuwalinganisha wanafunzi, hata kuanguka kwa mmoja kukawa ngazi ya mwingine. Huko visa vya kurasa kuchanwa vitabuni ni vya zamani.

Wako wanaoutetea mwenendo huo. Wanasema mahakama ni uwanja wa mapambano, basi kijana na azoee mapema. Hoja hiyo haina msingi. Mahakamani mdai hupaswa kumfikishia mdaiwa hati ya madai ili ajue anashtakiwa nini na ajibu. Maadili ya uwakili humtaka wakili aitajie mahakama hata hukumu inayompinga. Aliyezoea kuficha kitabu hajajiandaa kwa uwakili, amejiandaa kuuvunja.

Wala hila hiyo haimfaidii mwenyewe. Mwezi Oktoba 2022 ilijulikana kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Lakini jambo moja halihitaji kamati: kushindwa kwa wale 265 hakukumwongezea yeyote hata alama moja. Ufaulu si mkate wa kugawana, kwamba mwenzako akikosa wewe utashiba.

Mzazi wa Kasulu anayeuza maharage ili mwanawe asafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, hamtumi akajifunze ujanja huo. Anajua mjane wa jirani akinyang'anywa shamba na shemeji zake, wa kumwandikia madai hayuko karibu. Mjane huyo hana haja ya kujua nani alikuwa wa kwanza darasani. Ana haja ya mawakili wengi, wenye ujuzi, na wasioona haya kuulizana.

Je, kosa ni la vijana peke yao? Hapana. Mtoto huanza kuhesabiwa nafasi yake akiwa darasa la kwanza: wa kwanza husifiwa, wa mwisho huchekwa. Mwalimu Nyerere alilionya taifa katika "Elimu ya Kujitegemea" mwaka 1967 kwamba elimu ya kikoloni ilikuza ubinafsi. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya Kidato cha Nne bila kutaja shule bora wala wanafunzi bora. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini haitoshi ikiwa ubao wa shule bado unawapanga watoto kama farasi wa mashindano.

Hapana budi walimu, tangu shule za msingi za Kasulu na Kibondo hadi vyuo vikuu, wampe alama pia mwanafunzi anayemwelewesha mwenzake. Vyuo vya sheria navyo viweke nakala za kutosha za vitabu, maana uhaba ni mama wa hila.

Watumishi wa umma wasidhani jambo hili haliwahusu. Mwanafunzi anayeficha kitabu leo ndiye kesho afisa anayekalia waraka ili mwenzake aonekane mzembe, na anayeumia ni mwananchi aliyepanga foleni dirishani.