Samadi ya Ngara si ya bure

BEI ya mbolea za viwandani ilipopanda kupita kiasi mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Serikali ilileta ruzuku na mfuko wa DAP wa kilo 50 ukauzwa shilingi 70,000 msimu wa 2022/23. Hata kwa bei hiyo, mkulima wa Ngara mwenye ekari moja ya maharage huutazama mfuko, akakumbuka samadi iliyojaa zizini, akarudi nyumbani.

Tatizo ni kwamba samadi huhesabiwa kuwa ya bure. Maharage yakipandwa kwa nafasi ya sentimeta 50 kwa 20, ekari ina mashimo yapatayo 40,000. Konzi ya gramu 50 kila shimo ni tani mbili. Kwa toroli la kilo 50, hizo ni safari 40, na mashamba mengi ya Ngara yako milimani. Malipo ya vibarua yanaweza kumeza faida kabla mbegu haijaota.

Ndiyo maana samadi huishia kwenye migomba iliyo jirani na nyumba. Huo si ujinga, ni hesabu ya miguu. Lakini maharage huleta fedha ndani ya miezi mitatu hivi, na soko la Rwanda na Burundi liko mlangoni, Rusumo na Kabanga.

Maharage hujitengenezea sehemu ya naitrojeni mizizini, ingawa kidogo kuliko soya. Yanachokosa zaidi ni fosforasi, hasa penye udongo wa tindikali. DAP ina fosforasi nyingi lakini haiondoi tindikali. Samadi ina fosforasi kidogo, ila hupunguza makali ya tindikali na kutunza unyevu. Mwenye uwezo mdogo atafaidika zaidi akichanganya konzi ya samadi na nusu ya mfuko kuliko kutegemea kimoja.

Isombwe Julai na Agosti, kazi zikiwa chache, irundikwe kando ya shamba na kufunikwa majani hadi mvua za Septemba. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta magugu.

Asiye na ng'ombe anaweza kupatana na jirani: majani ya kulishia kwa samadi. Anayenunua kwa toroli aikamue kwanza mkononi. Ikitoa maji, apunguziwe bei.