Usitupe hizo hedifoni bado!

Jioni za wiki hii sikuandika programu yoyote, nilikuwa nimeinamia waya.

Hedifoni zangu zilizima upande wa kushoto, siku mbili kabla ya mkutano na mteja. Fundi mmoja hapa Burnt Forest alizitupia jicho tu: "Hizi hazitengenezwi, nunua zingine." Nilikasirika, kisha nikaipiga hesabu yake. Iafoni za barabarani ni rahisi kuliko saa moja ya fundi. Sasa yeye atakula nini? Ndiyo maana nasema hii ni kazi ya nyumbani, tusimtwike fundi.

Tafuta kosa kwanza, kama unavyotafuta kosa kwenye programu. Washa muziki, kunja waya polepole ukianzia kwenye plagi. Sauti ikirudi, umepapata. Mara nyingi ni pale waya unapoingia kwenye plagi, maana ndipo unapokunjwa kila siku mfukoni. Kata chini kidogo ya hapo, utie plagi mpya ya milimita 3.5, ile ya kufunguka.

Na hapa ndipo wengi tunapokwama (mimi mara mbili!). Unasokota waya kwa waya, unafunga tepu... kimya. Unadhani umekosea rangi. La! Nyuzi zile zimepakwa vanishi isiyopitisha umeme, na hiyo ndiyo rangi unayoiona. Ichome kwa chuma cha kulehemu chenye risasi iliyoyeyuka mpaka nyuzi zing'ae. Fungua dirisha kwa sababu ya moshi, hata kama baridi yetu haina huruma. Kwa kawaida nyekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, na ya shaba ni ya pamoja. Kwenye plagi, ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni la pamoja. Lakini usiamini rangi, pima kwa mita.

Anayenikera hasa ni mtengenezaji anayeifunika plagi kwa plastiki isiyofunguka. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata ikiwa taka. Vizuri, lakini mimi nataka awajibike mapema zaidi: aweke skrubu!

Mkutano ulifanyika, mteja nikamsikia kwa masikio yote mawili. Upande wa kulia unakwaruza kidogo nikigeuza shingo. Jumamosi nafungua tena.