Hesabu ya Afya ya Watu ni Deni la Serikali



Yatupasa sisi watumishi kusema neno juu ya jambo ambalo aghalabu huachiwa wabunge na wenye magazeti. Jambo lenyewe ni hili: Serikali iliyojitwika kazi ya kulinda afya ya watu ina deni la kutoa hesabu ya kazi hiyo, nayo yapasa kuitoa kwa wakati wake, tena kwa wenye haki ya kuipokea, yaani watu wenyewe. Naandika haya kutoka Rugera katika Karagwe, kwa kuwa mkoa wetu wa Kagera umepata mafunzo mawili katika muda usiotimia miaka miwili, na mtu akiyaweka pamoja mbele ya macho yake ataona tofauti iliyopo baina ya hesabu iliyotolewa upesi na hesabu iliyotolewa baada ya kusitasita.

Funzo la kwanza ni la mwezi wa Machi 2023. Huko Bukoba Vijijini watu walishikwa na homa, wakatapika, wakatoka damu, wengine wakafa, wala jina la maradhi halikujulikana. Tarehe 21 Machi 2023 Waziri wa Afya wa wakati ule, Bibi Ummy Mwalimu, alitangaza ya kwamba ni virusi vya Marburg, maradhi ambayo hayakuwahi kuthibitishwa katika nchi yetu kabla ya siku ile. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 9, na katika hao 6 walikufa, mtumishi wa afya akiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Juni 2023 ikatangazwa ya kwamba mlipuko umekwisha.

Funzo la pili ni la Januari 2025, katika wilaya ya Biharamulo. Tarehe 14 mwezi ule Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kwamba kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg katika Kagera. Haukupita muda Wizara yetu ikajibu ya kwamba vipimo havikuonyesha virusi hivyo. Kisha tarehe 20 Januari 2025, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika lile, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha ya kwamba Marburg imeonekana Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa watu 10: wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa sana kuwa nayo. Wote kumi walikufa.

Sisemi ya kwamba siku zile chache za kukanusha ndizo zilizowaua. Wanane kati yao walikuwa wamekwisha kufa kabla ya kuthibitishwa kwa mlipuko. Wala sisemi ya kwamba Wizara ilisema uongo, maana kipimo huonyesha yaliyomo katika sampuli iliyopelekwa, na sampuli za siku zile huenda zilikuwa safi. Neno langu ni jingine. Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Ngao yake ni habari. Ni lazima ijulikane nani ameugua, nani amemwosha, nani amemzika, na nani amepanda gari moja naye. Sasa mfikirie muuguzi wa zahanati ya kijijini katika siku zile, amepokea mgonjwa mwenye homa kali, na masikioni mwake mna maneno mawili yanayopingana, moja la wageni na moja la wakubwa wake. Avae glavu na barakoa, au ahesabu ya kwamba ni malaria kama ya jana? Wizara ingalisema, "Vipimo vya kwanza havikuonyesha kitu, walakini tungali twachunguza, nanyi shikeni tahadhari," isingalipoteza heshima yake hata kidogo, na muuguzi yule angalijua la kufanya. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tuongeze ya kwamba anayekanusha mapema mno hulazimika kuungama mbele ya watu wengi zaidi.

Yuko atakayejibu ya kwamba habari za maradhi huleta hofu, hufunga masoko na kufukuza watalii. Hoja hii si ya kudharauliwa. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tuko mpakani. Murongo watu huvuka kwenda Uganda na kurudi, na ndizi, maharagwe na kahawa zetu zahitaji njia zilizo wazi. Lakini hofu haizuiwi kwa kunyamaza. Watu wakiona jeneza la tatu katika nyumba moja, wataogopa hata redio isiposema kitu, na hofu isiyo na maelezo huwapeleka kwa waganga wa ramli kabla ya kuwapeleka hospitali. Tena mwaka 2023 Serikali ilitangaza bila kuficha, na Kagera haikufa njaa.

Sheria nayo imekwisha kusema. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zaitaka kila nchi kuarifu Shirika la Afya Duniani katika muda wa saa 24 baada ya kupima tukio na kuona ya kwamba laweza kuwa hatari kwa mataifa. Na Katiba yetu, katika Ibara ya 18, yampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo makubwa yahusuyo maisha yake. Angalieni basi: wakubwa wa Geneva wamewekewa saa, lakini mkulima wa Biharamulo, ambaye ndiye atakayeugua, hakuwekewa saa yo yote. Naona yafaa saa ile ile inayopelekwa barua Geneva, ipelekwe na tangazo kwa watendaji wa kata na vijiji, lisomwe misikitini, makanisani na sokoni.

Liko na jambo la fedha. Siku ile ile ya tarehe 20 Januari 2025, Rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Kagera ndiko walikoonekana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983, na tangu ulipoanzishwa mfuko wa Marekani uitwao PEPFAR mwaka 2003, sehemu kubwa ya matibabu ya maradhi hayo nchini ilisimama juu ya fedha za watu wengine. Tuwashukuru walioleta fedha hizo, maana zimeokoa roho nyingi. Walakini amri ya siku moja, iliyotiwa sahihi mbali na sisi, ilitosha kuwatia wasiwasi wagonjwa wanaomeza vidonge kila siku. Mgonjwa hawezi kumdai hesabu mbunge wa Marekani. Anaweza kumdai mbunge wake. Wakuu wa Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi ile haina tarehe ya kwisha. Kila Juni bajeti inaposomwa, karani ye yote ajuaye kugawanya aweza kuikagua kwa kalamu yake.

Sasa tuje karibu. Mtu akikosa dawa katika zahanati, amwulize nani? Wizara ya Afya hutunga sera. Zahanati na vituo vya afya ni vya Halmashauri, chini ya TAMISEMI. Dawa hutoka Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Hospitali ya Nyakahanga ni mali ya Kanisa la Kilutheri, nayo kwa miaka mingi ilitumika kuwa hospitali teule ya wilaya kwa mapatano na Serikali. Mpango huu umejengwa kwa sababu zake, wala siulaumu. Hatari yake ni kwamba kila mmoja aweza kumwonyesha mwananchi mlango wa mwenziwe, na mama aliyebeba mtoto akazunguka milango yote akarudi nyumbani na cheti cha kwenda kununua dukani. Mapatano yakiwa mengi, mdaiwa abaki mmoja: Serikali ndiyo inayopokea kodi, na Serikali ndiyo ya kujibu, hata kama kazi imefanywa na mkono wa mwingine.

Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa taarifa yake, kwa amri ya Ibara ya 143, ikafika kwa Rais na kisha Bungeni. Ni kazi ya heshima. Lakini huja baada ya mwaka kwisha, tena ni vitabu vizito visivyofika Rugera. Hesabu itakayomfaa mwanakijiji ni ile iliyobandikwa ukutani mwezi huu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati yenyewe, na kila zahanati ina kamati yenye wananchi ndani yake. Kwa hiyo siku ya kupokea yajulikana, kiasi chajulikana, na anayeandika ni mmoja wetu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililofungiwa kabatini nalo ni nusu ya kutokuwa na daftari.

Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa miongoni mwao, walijua ya kwamba karani si mashine ya kuandikia. Basi naleta mbele ya chama mambo matatu. La kwanza, wanachama walio katika zahanati na vituo vya afya wabandike mlangoni kila mwezi fedha zilizopokewa, dawa zilizoagizwa, na dawa zilizofika. La pili, mtumishi anayepeleka habari ya maradhi yasiyojulikana aipeleke kwa maandishi, aandike siku na saa, na abaki na nakala yake. La tatu, ambalo ndilo kubwa, chama kiwe tayari kusimama na mtumishi atakayeadhibiwa kwa sababu ameandika hesabu ya kweli isiyopendeza.

Bila la tatu, mawili ya kwanza hayatadumu. Mtu mwenye watoto hataandika "dawa hakuna" mara ya pili ikiwa mara ya kwanza alihamishwa kwa ajili ya neno hilo. Ataandika "hali ni nzuri", wa wilaya atainakili, wa mkoa ataijumlisha, na Waziri atasimama kuisoma kwa moyo safi, naye hajui ya kwamba asoma hofu ya karani. Serikali haiwezi kutoa hesabu ya kweli kwa watu ikiwa sisi twaipa hesabu ya kupendeza.

Ni mimi mwenzenu katika utumishi,
Mwanachama, Rugera.