Risala ya Mafundi Simu wa Kariakoo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, waagizaji wa simu mliofika na mafundi wenzetu,

Siku hizi tunasikia kwenye hotuba kwamba nchi inataka uchumi rejelezi: mali isitupwe mapema, itengenezwe, itumike tena, na ikishindikana kabisa irudi kiwandani kuwa malighafi. Kazi hiyo imetulisha miaka nenda rudi, kabla haijapewa jina. Sasa inatuponyoka, na chanzo hakiko mezani kwetu. Kiko mezani kwa aliyeichora simu.

Mheshimiwa, betri hii tuliyokuwekea mbele yako ni BL-5C. Nokia waliitumia kwenye simu ya 1100, iliyotoka mwaka 2003. Zunguka Mtaa wa Aggrey leo utaikuta inauzwa, kwa sababu vitochi vingi na redio ndogo za memori kadi vimetengenezwa kutumia betri hiyohiyo. Simu ikifa, betri inahamia kwenye redio ya babu kijijini. Mfuniko unafunguliwa kwa ukucha. Aliyeamua hivyo alifanya uchumi rejelezi bila semina wala posho.

Simu janja nyingi za leo ni habari nyingine. Betri imegandishwa kwa gundi, na mgongo nao umegandishwa. Fundi anaupasha moto kwa hita, anapenyeza kadi ya plastiki pembeni taratibu huku akiomba Mungu, anadondoshea spiriti chini ya betri, ndipo aing'oe. Mkono ukiteleza mgongo wa kioo unapasuka, na anayelipa ni yeye. Betri ikitoboka inawaka. Mteja akitajiwa gharama anaguna, anakwenda kuchukua mpya ya mkopo.

Linalotuuma zaidi ni simu zinazokataa spea. Unatoa kioo halisi kwenye mkweche, unakifunga kwenye simu ya aina ileile, nayo inaandika kwamba kioo hakitambuliki, au kitu kimoja kinagoma kufanya kazi. Mikweche ndiyo stoo yetu. Mtengenezaji ameifunga kwa programu akiwa mbali. Michoro ya saketi nayo tunaivizia kwenye magrupu ya simu kana kwamba ni magendo.

Yanayoshindikana yanabaki kwetu. Betri zilizovimba tunaziweka kwenye ndoo ya mchanga, ndoo inajaa, na hatuna pa kuzipeleka zaidi ya gari la taka liendalo dampo la Pugu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na kwamba zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaoeleweka hazikufika robo.

Tunajua tutajibiwa kwamba Tanzania haichori simu, inanunua tu. Hoja hiyo hatuikubali. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu feki nchi nzima, na Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Anayeshika mlango ana sauti juu ya kinachopita. Ulaya wameitumia sauti hiyo. Tangu Juni 2025 anayeuza simu huko analazimika kuwa na spea muhimu kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuza toleo husika, na Februari 2027 inaanza kanuni ya betri ambazo mtumiaji anaweza kuzitoa mwenyewe, ingawa misamaha ipo. Ufaransa ilianza mwaka 2021 kutaka simu iuzwe ikiwa na alama, kati ya 10, ya urahisi wa kuitengeneza. Baadhi ya simu hizo ndizo zinazokuja kwetu.

Kwa hiyo tunadai Shirika la Viwango (TBS) liweke kiwango cha simu zinazoingia: betri itoke bila moto, skrubu zitumike badala ya gundi pale inapowezekana, na alama ya utengenezekaji iandikwe kwenye boksi kwa Kiswahili. Spea halisi isizimwe kwa programu, awe ameifunga wakala au fundi wa kibanda. Waagizaji mliokaa hapa, tunawadai michoro ya saketi na spea, kwa bei inayomwachia mteja sababu ya kutengeneza. Gharama ya kukusanya betri mbovu iwe yenu, maana faida ilikuwa yenu.

Halafu Taasisi ya Teknolojia (DIT) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watuletee wanafunzi wa uhandisi na usanifu. Wakae mezani wiki chache, waone kinachokufa kwanza na kwa nini, kabla hawajachora cha kwao. Kwa upande wetu tuko tayari kusajiliwa na kupimwa na mamlaka ya ufundi stadi, VETA. Fundi mwizi wa spea tutamtaja wenyewe.

Mheshimiwa, tunaomba majibu ya maandishi, pamoja na tarehe ya kikao cha kwanza na TBS na waagizaji.

Tunaomba kuwasilisha.